Niliuliza Bei Tu

"Mwangaluka, bosi! Mzigo wako uko huku chini barabarani."

Mzigo gani? Nachungulia kutoka juu huku mlimani Mabatini, Mwanza, naona vijana wamejitwika magunia wanapanda mawe kuja kwangu. Harufu ilishatangulia. Paka wa mtaa mzima nao nyuma.

Dagaa. Magunia ya dagaa wakavu kutoka soko la Mwaloni Kirumba, na risiti ina jina langu.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimefungua ukurasa wa mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, nataka kujua gunia ni bei gani. Ukurasa unadai kwanza jina, namba ya simu na mtaa, nikajaza. Pembeni ya idadi, ambayo yenyewe ilishaandikwa 1, kuna kitufe kidogo cha bluu: Ona bei. Nabonyeza, ukurasa unapepesa, bei hakuna. Nabonyeza tena. Hakuna. Nikalaumu bando, nikazima data nikawasha, nikaendelea kubonyeza mpaka usingizi ukanichukua. Idadi ya magunia ililingana sawasawa na hasira zangu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, kwa hiyo kabla hata ya kubishana na wabebaji (wanadai hela ya mlima, mbali na ya guta) nikafungua msimbo wa ule ukurasa, yaani maandishi yanayouunda. Kijana aliyemtengenezea mama ni wa kisasa. Hakugusa JavaScript, ile lugha ya programu tunayotumia kuamrisha ukurasa; kwenye kitufe aliandika tu popovertarget="bei", ili kivinjari chenyewe kifungue kidirisha cha bei. Hapo nampa heko. Haya ndiyo mambo ninayoyapenda: kitufe kinatamka kazi yake palepale kwenye HTML, lugha inayoujenga ukurasa wenyewe. Mwaka 2025 kivinjari cha Chrome kikaongeza maneno mengine ya kuandika kwenye kitufe, command na commandfor, hata lile dirisha la "Una uhakika?" sasa linafunguka bila mstari wa JavaScript. Dirisha ambalo, kwa jinsi nilivyokuwa nabonyeza, lingenifaa sana.

Ila kitufe alikiweka ndani ya fomu ya oda, bila type="button". Na sheria ya HTML ni ya siku nyingi, haioni mtu haya: kitufe cha kawaida ndani ya fomu kisipotajiwa aina, ni cha kutuma. Kila ukibonyeza, fomu inaondoka na oda ya gunia moja, kidirisha cha bei hakipati zamu.

Nikampigia. "Shikamoo mama. Jamani, mimi niliuliza bei tu."

"Marahaba baba. Ndiyo uulize usiku kucha?"

Nikamweleza habari ya fomu na kitufe. Akanisikiliza kwa upole wa mtu ambaye mzigo wake umeshafika. Tukakubaliana: gunia moja libaki, mengine yarudi, guta nalipa mimi, na kitufe namrekebishia bure.

Akanyamaza kidogo. "Baba, kitufe chenyewe ni kile cha bluu?"

"Hichohicho."

"Basi kiache kwanza. Tangu kiwekwe, wateja wa Dodoma wananunua kweli."