Daftari la Pili Liko kwa Nani?

Kila mtandao wa majirani wanaowatunza wazee una mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi. Ndiye anayejua dawa za nani zinaisha Ijumaa, nani hapendi kushikwa mkono akivuka barabara, nani amefiwa na bado hatoki nje. Yote hayo yako kichwani mwake, au katika daftari lenye mwandiko anaouweza yeye tu. Siku akichoka, mtandao mzima unalala.

Sikubaliani na wanaosema mitandao hii hufa kwa sababu watu wamekosa utu. Watu wema wapo. Kinachokosekana ni kuukubali uratibu kuwa kazi. Wafadhili hupenda uzinduzi, fulana na picha za pamoja. Kumlipa mtu apokee simu miaka mitano mfululizo hakupigiki picha. Nasi wanachama tunamsifu mratibu kwa moyo wake, kisha tunamwongezea jina jingine kwenye orodha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mjini Boston, Marekani, wakazi wa mtaa mmoja waliotaka kuzeekea majumbani mwao walianzisha mtandao wa kusaidiana uitwao Beacon Hill Village, ulioanza kazi mwaka 2002. Wanachama hulipa ada ya mwaka, na ada hiyo pamoja na michango huwezesha kuajiri wafanyakazi wachache. Wa kujitolea wapo pia, ila uratibu haukuachwa kwa hisani ya mtu. Ada ina ubaya wake, kwani huwafungia nje wasio nacho. Ikabidi iwekwe nafuu kwa wenye kipato kidogo. Hata hivyo, mimi naona afadhali ada yenye nafuu kuliko huduma ya bure inayokufa baada ya miezi 18.

Japani walijaribu njia nyingine. Mwaka 1973, Teruko Mizushima alianzisha huko Osaka benki ya kazi: unamhudumia mwenzako leo, saa zako zinaandikwa, nawe utahudumiwa zitakapokufaa. Wazo zuri, lakini saa zilizowekwa hazina thamani kama hakuna aliye nyuma yako wa kuzilipa. Waanzilishi wakiwa rika moja, wote huanza kuumwa magoti kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, kwa hiyo kusajili wenye miaka 40 si jambo la kungoja.

Wala mzee si wa kupokea tu. Asiyeweza kupanda ngazi anaweza kupiga simu tano kila asubuhi, na mara nyingi huyajua majina yote kuliko sisi. (Atakugombeza pia ukichelewa, na ni haki yake.)

Nikiitwa kwenye kikao cha mtandao wa namna hii, bajeti naiacha kwanza. Nauliza daftari la pili liko kwa nani, na mratibu alipumzika lini mara ya mwisho. Aghalabu mratibu mwenyewe ndiye anayecheka.