Eti ngalawa zinawaharibia view

Kuna klipu imezunguka kwenye magrupu yetu wiki hii, jamaa kasimama kwenye balkoni ya ghorofa upande wa Masaki hapa Dar es Salaam anarekodi ufukwe wa Msasani, anazungusha simu taratibu, ngalawa, nyavu zilizoanikwa, kina mama na mabeseni yao, halafu anauliza eti hivi hili nalo ni jiji, hawa si wapelekwe Bagamoyo huko. Chini watu wanamwaga makofi. Wengine nawajua kabisa, samaki hawakauki kwenye friza zao.

Haya, tuulizane, nani kamkuta mwenzie hapa? Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860, hapa palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Nenda Kunduchi, kuna magofu ya msikiti na makaburi yaliyopachikwa bakuli za Kichina, ni ya zamani kuliko jiji lenyewe, na hatua chache kutoka hapo mpaka leo watu wanapakua samaki. Sensa ya 2022 imetukuta Dar tuko zaidi ya milioni 5.3, wengi wetu tumekuja na mabegi yetu kutoka mikoani (mimi mmoja wao), halafu leo mvuvi ndo mvamizi. Sawa.

Ila kinachonipandisha presha zaidi ni hii lugha ya mazingira. Kila anayetaka wavuvi watoke anakuwa mwanamazingira ghafla. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka baharini, na watu wanaipenda sana hiyo namba wakishaona ngalawa. Sasa niambieni, ngalawa inayosukumwa majini usiku wa manane na kurudi asubuhi ndiyo ya kudumu? Na ule ukuta wa zege ambao maji yakijaa yanaupiga mpaka povu linaruka ndani kwenye bustani, huo ni wa muda, si ndio? Unatembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, unapita kuta tu, ukuta, geti, mlinzi, ukuta tena, mpaka ufike sehemu wanayoshushia samaki, halafu njia ya kutoka hapo kwenda barabarani ni kichochoro katikati ya viwanja viwili, mwenye beseni kichwani na bodaboda lazima mmoja asubiri. Nilimsalimia mzee mmoja anapanga nyavu, "Shikamoo mzee, bahari inasemaje?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu, bahari haina tatizo, tatizo geti." Akaendelea na nyavu zake.

Na hawa mnaowaita washamba wana maisha yenye mpango kuliko mimi na wewe tunaoamshwa na alamu. Wanakwenda na mwezi. Bamvua likija, maji yakijaa na kupwa sana, utawaona kina mama na vijana wamejikunja miambani na vyuma wanasaka pweza, maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, watu wanarudi kushona nyavu. Watu wa dagaa wanasubiri giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazifui dafu. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu mwenye chombo kidogo hajipeleki mbali, hata umtangazie bei gani. Juzi nilisimama kumwangalia fundi anakalafati mashua, anasokota pamba yenye mafuta, anaishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo, tap tap tap, anasikiliza mlio, akiona haujakaa anaing'oa anaanza upya. Pembeni kijana mwingine anapokea hela ya samaki kwa simu huku dalali anapandisha bei ya fungu la changu na hajaandika popote, anakutazama tu usoni anajua utaongeza. Hayo mambo mawili hayagombani hata kidogo, ni sisi tu tunaodhani mtu mwenye simujanja hatakiwi kuwa na ngalawa.

Nakubali, kunanuka. Vyoo ni shida. Na wale waliokuwa wanalipua baruti wakamaliza matumbawe, hao siwatetei hata kidogo. Lakini jamani, wachache wakilipua baruti ndo ufukwe mzima uhame? Mbona madreva wakigonga hatufungi barabara?

Halafu mtu anasema hataki mambo ya kijijini mjini, wakati akifiwa saa hizi wa kwanza kutafutwa ni mjumbe na wenye turubai, na majirani wanafunga mtaa siku tatu wanapika. Hapo hakuna anayerekodi klipu.

Mimi sitaki hata maonyesho ya utamaduni wala bango la "kijiji cha asili" la kuwapigisha picha watalii, hiyo nayo ni kuwafukuza kistaarabu. Nataka watu wa mipango miji wakichora hoteli wachore na mwalo wa kushushia samaki, wachore na njia ya kuufikia, vipimwe na vipewe hati. Kiwanja cha ghorofa kimepimwa mpaka kwenye mchanga, kichochoro cha mita mbili ndo kinawashinda?