Penisilini haitoboi bakteria

Kuna makala inayodai kuwa penisilini, dawa ya kuua bakteria, "hutoboa" bakteria. Si hivyo. Ukungu wa Penicillium humeng'enya chakula nje ya mwili wake, kwa hiyo vijidudu jirani hudokoa kwa urahisi. Inaelekea penisilini, sumu inayotolewa na ukungu huo, ni ya kulinda mlo. Inachofanya ni kuzuia vimeng'enya vinavyounganisha ukuta wa seli: bakteria anayekua hubaki na ukuta dhaifu, maji yanaingia, anapasuka. Virusi vya mafua havina ukuta huo, kwa hiyo kumeza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa mafua ni kutupa pesa. Na usugu wa bakteria kwa dawa si wa jana: mwaka 1940 wanasayansi Abraham na Chain walishaeleza kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu penisilini, kabla haijaenea hospitalini. Huko kwenu, duka la dawa linawauzia dawa hizi bila cheti cha daktari?