Münir Nurettin Selçuk: aliuokoa muziki wa Kiosmani au aliupunguzia ladha?

Wapenzi wa muziki wa kale wa Uturuki hawajamaliza ubishi juu ya mwimbaji na mtunzi huyu (1900–1981). Wengine wanamwita mwokozi. Wengine wanasema aliung'arisha muziki ule mpaka ukapoteza moto wake.

Ubishi unarudi kila mara kwenye onyesho lake la Istanbul la mwaka 1930. Zamani mwimbaji aliketi na wapigaji wa udi, kanuni na nai, ala ambazo msikilizaji wa taarab hahitaji kuelezwa. Selçuk, aliyekwisha kwenda Paris kunoa sauti, alisimama peke yake mbele ya ala, kavaa suti rasmi ya Kizungu, na watu wakakaa kumsikiliza yeye. Tangu hapo mwimbaji akawa msanii wa jukwaa mwenye heshima yake.

Wakosoaji wana hoja. Sauti kubwa za kabla yake zilikuwa za mahafidh, waliohifadhi Kurani, waliofunzwa kwa mdomo na sikio, na gazeli yao, yaani shairi linaloimbwa kwa sauti huru, ilizaliwa papo hapo. Msikilize Hafız Burhan, mmoja wa mahafidh hao, kisha Selçuk: wa kwanza anaungua, wa pili anajizuia. Mimi naiona hasara hiyo, wala siipuuzi.

Lakini tuangalie alifanya kazi katika zama gani. Mwaka 1925 serikali ilifunga zawiya za masufi, zilizokuwa vyuo vya muziki huu. Mwaka 1934 muziki wa Kituruki ukapigwa marufuku redioni kwa karibu miaka miwili, kwa kuwa watawala waliutaka muziki wa taifa ufuate njia ya Ulaya. Sanaa iliyokwisha kudharauliwa kama mabaki ya enzi iliyopita ilihitaji mtu wa kuipandisha mahali ambapo hata wakubwa wangeona haya kuibeza. Selçuk aliifanya kazi hiyo, na kwangu jambo hili lina uzito kuliko gazeli zilizopunguzwa.

Tena suti haikuingia kwenye tungo zake. "Aziz İstanbul", aliyoitunga kwa shairi la Yahya Kemal, inatembea ndani ya makam, njia za sauti za muziki huu, kama tungo za wazee wake. Lawama ningeipeleka zaidi kwa kwaya za redio zilizokuja baadaye: kile alichokichagua Selçuk kwa ajili ya koo lake mwenyewe, zenyewe zilikigeuza kuwa sheria ya kila mwimbaji.