Bunk alimwona Omar vizuri kuliko sisi

Kampala, taja The Wire, tamthilia ya televisheni ya Marekani, mbele ya vijana waliomaliza misimu yote mitano, na jina la kwanza litakalotoka ni Omar Little, mwizi wa Baltimore anayewapora wauza unga. Bunduki chini ya koti refu, mluzi mdomoni, watoto wanatawanyika wakipiga kelele kwamba anakuja. Hatukani. Nyanya yake anapelekwa kanisani Jumapili. Nami nampenda, maana marehemu Michael K. Williams alimcheza hivi kwamba huwezi kubandua macho.

Hoja ya mashabiki wake ni kwamba raia hawagusi. Msimu wa pili, akitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya mauaji, anapomwambia Levy, wakili wa wauza unga, kwamba wote wawili wanakula kwa unga, mmoja kwa bunduki na mwenzake kwa mkoba, Levy anamtazama jaji na jaji hana la kumsaidia. Hoja nzito hiyo, hasa kwetu, ambako mwizi wa simu pale Old Taxi Park anaweza kupigwa hadi kufa huku mla fedha za umma akipishwa barabarani kwa king'ora.

Ila katika kesi ileile Omar aliapa kwamba alimwona Bird, mtu wa genge la wauza unga, akimuua shahidi aitwaye Gant, na hakumwona. Alimtaka Bird kwa sababu ya Brandon, mpenzi wake aliyeteswa na kuuawa na genge hilo. (Ndiyo, mpenzi wake, wengi hapa kwetu hukiruka kipande hicho wanaposimulia.)

Anayesahaulika ni Bunk, mpelelezi aliyesoma shule moja na Omar. Msimu wa tatu, baada ya risasi zilizomuua Tosha, mwenzake Omar katika uporaji, Bunk anawakuta watoto wakigombania nani awe Omar. Baadaye anamkalisha Omar na kumwambia wazi: mtaa wao wa zamani ulikuwa mkali, lakini watu walikuwa watu, na leo watoto wanamtukuza muuaji. Mashabiki husikia mahubiri ya polisi mlevi. Mimi nasikia hesabu.

Ufuate unga wenyewe. Msimu wa nne Omar anapora shehena nzima ya akina Proposition Joe, muuza unga mkubwa, kisha anamuuzia Joe huyohuyo mzigo uleule kwa senti 20 kwa kila dola ya thamani yake. Senti 20! Mzigo ukarudi konani, na mteja akaununua kama siku zote. Mteja huyo si raia? Ana mama, ana watoto, nyumba yake imeshauzwa kitu kimoja kimoja. Omar hakumnyooshea bunduki, ni kweli. Alipokea fungu lake tu njiani, unga ukaendelea na safari.

Na miongoni mwa watoto wale wa mchezo alikuwamo Kenard, ambaye msimu wa tano anampiga Omar risasi dukani, Omar akinunua sigara. Wapo wanaolalamika hadi leo kwamba shujaa hakustahili kufa hivyo, kwa mkono wa mtoto. Bunk alikuwa amekwisha kuwaambia.

Wala Bunk hakumchukia Omar. Omar alipobambikiwa kesi ya mauaji, Bunk ndiye aliyehangaika mpaka akatoka, akamtaka ahadi moja tu: asiue tena. Butchie, mlezi wake Omar, alipouawa, Omar akaivunja ahadi hiyo, akarudi Baltimore na bunduki.