Kabla ya kuzima 2G, tuhesabu vitochi vya Kibaigwa

Wakati wa mavuno, soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, huwa limeshachangamka kabla jua halijachomoza. Malori yamejipanga, mzigo unashuka kutoka vijiji vya jirani na mwingine kutoka Kiteto. Msimu mmoja nilisimama karibu na mzani nikimwangalia mama mmoja akiuza magunia yake. Mkononi alikuwa na kitochi ambacho mfuniko wake wa nyuma umepotea, betri imebanwa kwa rababendi. Meseji ya malipo ikaingia. Hakuiamini peke yake. Akabonyeza nyota, namba, reli, akasubiri menyu, akajifunika kanga kuingiza namba ya siri, akaangalia salio. Ndipo akasema, "Haya, pakieni."

Kitochi kama kile kinajua mtandao mmoja tu, 2G, yaani kizazi cha pili cha mtandao wa simu, uliozinduliwa kibiashara Ufini mwaka 1991. Sasa kampuni za simu duniani zinauzima. Marekani, AT&T iliufunga Januari 2017. Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilitoa sera mwaka 2024 inayolenga 2G na 3G ziwe zimezimwa ifikapo mwisho wa 2027. Hapa Tanzania 5G ilizinduliwa 2022. Swali la kuzima litatufikia, na litaamuliwa Dodoma, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka kwenye mzani ule.

Wanaotaka 2G iondoke wana hoja nzito, na mimi ninayeshinda kwenye intaneti kutwa nzima siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu. Masafa ya chini, kama megahezi 900 ambayo 2G imeyakalia miaka yote, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri kuliko ya juu kama gigahezi 3.5, yanayotumika sana kwa 5G. Yakihamishiwa 4G, mnara mmoja wa Chemba au Bahi unaweza kupeleka intaneti ya maana mpaka vijiji ambako leo mtu hupanda kichuguu kutafuta mtandao. Kwa hiyo anayetetea 2G ajue kwamba na yeye anamnyima mtu kitu, na huyo anayenyimwa mara nyingi ni mwanafunzi wa kijijini.

Kuna gharama pia. Mnara mmoja kubeba vizazi vinne vya teknolojia ni vipuri zaidi, umeme zaidi, na mahali pasipo na umeme wa gridi ni dizeli zaidi. Halafu kuna usalama: katika 2G mtandao huikagua simu, lakini simu haina namna ya kuukagua mtandao. Mhalifu mwenye mtambo wa mnara bandia anaweza kuivuta simu kwake na kuirushia meseji za uongo. Kasoro hiyo ilirekebishwa kuanzia 3G. Ila tusidanganyane, utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji mnara bandia. Laini ya kawaida inatosha.

Upande wa pili, wa wanaotaka 2G ibaki, watu huanza na umaskini, mimi naanza na sauti, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojikwaa. 4G haikujengwa na njia ya kupiga simu kama ile ya zamani. Sauti hupita kama data, kwa mfumo uitwao VoLTE, na si kila simu ya 4G inauweza. Nyingi, ukipiga, hushuka kimyakimya kwenda 3G au 2G, ukikata hurudi juu. Mwenye simu hajui. Australia walipozima 3G Oktoba 2024, ilibainika zipo simu za 4G zisizoweza kupiga namba ya dharura, na zilibidi zifungiwe. Kwa hiyo hata mwenye simu janja pale Area D, Dodoma mjini, anaweza kuamka asubuhi ana bando na hawezi kumpigia mtu. Zipo pia mashine za EFD za dukani zinazotuma taarifa za risiti kwa laini ya simu. Za zamani hutegemea 2G.

Hilo la kusema watu wanunue simu janja tumeshalijaribu. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu hizo, ya 2022/23 ikairudisha. Mwaka mmoja haubadilishi soko. Na bei siyo kila kitu: kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, jambo kubwa kwa mtu anayelipia kuchaji simu dukani.

Setilaiti nazo si mkombozi wa kitochi. Huduma ya Starlink ya kuunganisha simu moja kwa moja angani hutumia 4G.

Mimi naona tuanze kwa kuzima 3G. Ujerumani walifanya hivyo 2021, 2G wakaiacha ikiendelea. Sababu ni ya kiufundi: chaneli moja ya 3G hula megahezi 5, ya 2G hula megahezi 0.2 tu. Kipande chembamba kinatosha kuwabeba wenye vitochi, masafa mengine yote yakaenda 4G. Wakati huohuo viletwe kwa wingi vitochi vya 4G vyenye VoLTE. India walianza 2017 na JioPhone, mteja akiweka dhamana ya rupia 1,500 ya kurudishiwa baadaye.

Na tarehe ya kuzima 2G isitokane na kalenda ya nchi nyingine. Itokane na hesabu, na hesabu hiyo inawezekana, maana kila simu inapojiunga na mtandao kampuni inaweza kujua aina yake kupitia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Itolewe hadharani mnara kwa mnara, siyo wastani wa mkoa, kwa kuwa wastani wa Dodoma utabebwa na mjini. Kwa mnara wa Kibaigwa, ihesabiwe mahindi yakiwa mzanini.