“Mimi bia nyeusi sinywi”

Baba mdogo aliyasema hayo kabla hata hajavua koti. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege, kachoka, akaziona chupa nilizozipanga juu ya friji hapa kwangu Nürnberg, Ujerumani. Akanyoosha kidole kwenye Köstritzer. “Mwanangu, hizo nyingine zote nitajaribu. Ile nyeusi, hapana.”

Nikamuuliza kwa nini. Akanisimulia habari ya harusi moja ya Moshi, miaka mingi iliyopita. Bia za kawaida ziliisha mapema, zikabaki stauti peke yake, naye alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akanywa tatu. Kesho yake hakuweza kusimama, na tangu siku ile kila kinywaji cheusi chenye povu kwake ni ugonjwa.

Nimeishi Bavaria miaka kumi na moja, na wageni wa nyumbani wakija huishia kuletwa kwangu, maana nasifika kwa kujua bia. Kila mmoja huja na katazo lake: huyu hataki nyeusi, huyu hataki chungu, yule akisikia chachu anakunja uso. Zamani nilikuwa nawabishia. Nilichukua bia bora kabisa ya aina wanayoikataa, ile inayoshinda medali, nikawawekea mbele kwa fahari. Sikuwahi kumpata hata mmoja. Bia inayosifiwa na mabingwa wa aina fulani huwa imeikoleza ladha ya aina hiyo hadi mwisho, yaani ina kingi zaidi ya kile kile ambacho mgeni anakikimbia. Ni kama kumpa asiyependa pilipili pilipili bora zaidi ya mtaani.

Siku hizi nauliza kwanza: ni nini hasa kilichokukera? Rangi? Uchungu? Harufu? Au ni siku yenyewe uliyoinywa? Kwa baba mdogo jibu lilikuwa siku, na rangi ikabebeshwa lawama.

Kwa hiyo siku ya nne nilimfanyia hila. Niliimimina Köstritzer kwenye kikombe cha udongo chenye mfuniko, vile vya kuwauzia watalii, nikamwekea pamoja na kuku wa kuoka. Akanywa, akafuta povu mdomoni, akasema, “Hii nyepesi. Kama Kilimanjaro, ila wameitia kijiko cha kahawa.” Nikamwacha afike nusu, ndipo nikaimimina iliyobaki kwenye glasi mbele ya macho yake. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha akanyoosha mkono akaichukua glasi.

Ulimi wake haukukosea. Bia nyeusi ya Kijerumani, schwarzbier, ni laga, inachachushwa kwa baridi na kutulizwa kama Kilimanjaro, Serengeti au Tusker. Weusi wake unatokana na sehemu ndogo tu ya kimea kilichokaangwa. Köstritzer ina kilevi cha asilimia 4.8, basi. Stauti ile nzito tuliyoizoea Afrika ni ukoo mwingine kabisa. Guinness ya chupa inayouzwa kwetu inatokana na bia iliyotengenezwa Dublin mwanzoni mwa miaka ya 1800 ili ivumilie safari ndefu ya baharini, ndiyo maana ina nguvu kuliko ile laini ya Ireland inayotoka kwenye pipa, ambayo ni asilimia 4 na kidogo. Mtu akizikataa zote mbili kwa sababu ya rangi, anafanya kosa la kukataa chai kwa sababu kahawa ilimkosesha usingizi.

Lakini si kila katazo linaondoka kwa hila ya kikombe. Shemeji yangu, mume wa dada, alinifundisha adabu.

Yeye nilimpeleka Bamberg, chini ya saa moja kwa treni kutoka hapa, kwenye baa ya Schlenkerla ambayo historia yake inarudishwa nyuma hadi mwaka 1405. Pale wanapika rauchbier, bia ya moshi. Kimea chao kinakaushwa juu ya moto wa magogo ya mti uitwao buche, moshi unapita katikati ya punje, na bia inabaki na harufu ya nyama iliyobanikwa. Nikawaza: huyu ni mtu wa nyama choma, ataipenda tu. Nikamwagizia ile maarufu, Märzen, ikatoka kwenye pipa la mbao. Akapiga funda moja, akaiweka glasi chini taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Shemeji, hivi glasi hii wameioshea kwenye sufuria ya mbuzi?”

Kosa lilikuwa langu mara mbili. Kwanza, anayependa moshi kwenye nyama hajasema anautaka kwenye glasi. Ulimi una vyumba vyake. Pili, nilimwanzishia juu kabisa ya ngazi wakati wapika bia wale wale wameweka kidato cha chini. Wana laga yao nyeupe, helles, ambayo kimea chake hakikupitishwa motoni hata kidogo. Hata hivyo inapikwa kwenye mitungi ile ile ya shaba na kuchachushwa kwa hamira ile ile iliyokwisha kunywa moshi, hivyo inabeba harufu kwa mbali, kama shati ulilolivaa jana jikoni kwa bibi. Baadaye nilimnunulia chupa mbili za hiyo. Akazinywa zote bila kusema neno, na kwa shemeji huyo, kutosema neno ni sifa. Märzen hajairudia hadi leo, nami sijamsukuma.

Habari ya uchungu ni rahisi zaidi, nitaipitia haraka. Wengi wanaosema “bia ni chungu” walianza na pilsna za kaskazini, ambako watu wanaona fahari kwa uchungu. Jever, ya kule karibu na Bahari ya Kaskazini, inakaribia 40 kwenye kipimo cha uchungu kiitwacho IBU. Helles ya huku kusini, iliyoanza kuuzwa na kiwanda cha Spaten cha München mwaka 1894, huzunguka 20 hivi, na utamu wa kimea unasikika kabla ya hopi, yale maua yanayoitia bia uchungu. Rangi moja, chupa moja, bei ile ile, lakini mdomoni ni watu wawili tofauti. Mke wangu, aliyekuwa hanywi bia kabisa, sasa ananichukulia helles yangu kwenye friji na kudai ilikuwa tupu tangu jana.

Hopi zenyewe hazina hatia, kwa njia. Uchungu wake unatoka pale zinapochemshwa muda mrefu. Ukizitia mwishoni, au ukazirowesha kwenye bia iliyokwisha poa, unapata harufu na uchungu kidogo sana. Ndiyo siri ya zile IPA za ukungu, bia za hopi nyingi, zilizotokea Vermont, Marekani: ukizinusa unasikia embe na pasheni, na hakuna tunda lililoingia humo. Nilizichukia IPA kwa miaka sita hadi rafiki akanipa moja ya namna hiyo bila kunitajia jina. Kumbe na mimi nilikuwa na harusi yangu ya Moshi.

Kwenye uchachu ndiko ninakopenda kukaa, kwa sababu huko Mtanzania ana mtaji ambao Mjerumani wa kawaida hana. Mke wangu ni wa Njombe, kakulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Mimi ni wa Marangu, nimelelewa na mbege: ndizi zilizopikwa zikaachwa zichachuke, uji wa ulezi ulioota, na magome ya msesewe ya kuleta ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Sisi hatukuja kwenye bia chachu kama wageni. Ila ukimwambia Mtanzania “onja hii, ni chachu,” anadhani imeharibika. Neno ndilo linalomfukuza. Kwa hiyo Berliner Weisse sikuitambulisha kama bia. Kilevi chake ni kama asilimia 3, haina uchungu, inakwaruza ulimi kama ndimu. Wenyeji wengi wanaitia sharubati nyekundu au ya kijani ili iteremke. Nilimpa mke wangu kavu, bila sharubati, nikamwambia, “Hii ni ulanzi wa Wazungu wa Berlin.” Akacheka, akanywa, akaniambia ulanzi wa siku ya tatu ni bora, lakini hii ina heshima yake.

Rafiki yetu mmoja wa Tanga yeye nilimpata kwa Gose. Hii ni bia ya Goslar na Leipzig yenye ngano, chumvi na giligilani, nayo ni chachu. Mtu wa bara humwambii habari ya chumvi kwenye bia. Lakini aliyekulia kwenye embe mbichi za kuchovya kwenye chumvi na pilipili nje ya geti la shule hahitaji maelezo. Alichouliza ni pilipili iko wapi.

Weissbier imenipa taabu kuliko zote, na mgonjwa nilikuwa mimi mwenyewe. Bia ya ngano ya Bavaria inanukia ndizi mbivu na karafuu, na hakuna ndizi wala karafuu ndani yake. Ni kazi ya hamira. Inapochachuka inatoa kemikali ile ile inayoipa ndizi harufu yake, na nyingine inayofanana na karafuu. Mpika bia akiacha joto lipande, mara nyingi ndizi inazidi. Mpemba angeifurahia. Mimi, mtoto wa mgomba, niliona ni uongo mtupu: harufu ya ndizi bila ndizi, na mwili mwepesi usio na chembe ya ulezi. Kilichoniudhi kilikuwa kumbukumbu ya mbege, maana nilikuwa nikiingoja mbege na haikuja.

Aliyenitibu ni jirani yangu, mzee wa Kijerumani aliyekuwa fundi bomba. Hakunipa weissbier nyepesi ya manjano kama wengine. Alinipa Schneider, ile yenye rangi ya shaba, ya asilimia 5.4, kutoka kwa ukoo ambao mwaka 1872 mzee wao Georg Schneider alipata ruhusa ya kupika bia ya ngano, kazi ambayo hapo awali ilikuwa haki ya watawala. Akaizungusha chupa ili hamira iliyolala chini iamke, akaimimina yote, ikatoka nzito na yenye matope kidogo. Karafuu ilikuwa mbele, ndizi nyuma, kimea kimejaa kinywani. Sikuingoja mbege tena. Huyo huyo alinionyesha kuwa Wajerumani wana kinywaji cha weissbier iliyochanganywa na juisi ya ndizi. Hicho nilikionja mara moja, nikakiacha kwa wenyewe.

Wapo wa kuwaacha, na siwasumbui tena. Wa kwanza ni asiyekunywa kwa imani yake au kwa agizo la daktari; huyo hana katazo la kutibiwa, naye namchemshia chai. Wa pili ni kama shemeji na Märzen, ambaye ameonja, akaelewa, akakataa. Na kuna wale wa nyumbani wanaoulizwa “baridi au ya moto?” wakajibu “ya moto” miaka thelathini bila kubadili. Nilimcheka mmoja wao wakati fulani. Kisha nikagundua kuwa stauti na bia za ngano nyeusi ladha yake inajifungua zikiwa na uvuguvugu kidogo, na kwamba mzee yule pengine alikuwa anasikia kwenye Safari yake vitu ambavyo friji langu limenificha.

Agosti jirani yangu fundi bomba anakuja na mimi Marangu. Tayari ameshasema hapendi vinywaji vizito vyenye machicha. Baba mdogo, niliposimulia kwenye simu, alitaka kumwekea mbege ya siku ya tatu, iliyokwisha kukasirika, ili aone. Nimemkataza. Aanze na ya siku ya kwanza, ikiwa bado tamu, kwenye kata ndogo, baada ya kula. Baba mdogo amekubali, kwa sharti kwamba nimletee chupa sita za ile nyeusi.